Kirikuu isikufie mikononi: namna ya kuitunza huku Mtwara na Lindi

Mtu akitaka kununua kirikuu, kale kapikapu kadogo ka Kijapani, kitu cha kwanza anachokwambia ni mafuta, kwamba ile gari haili, inanusa tu, na kweli hilo halina ubishi. Asichokwambia ni kwamba msimu wa pili wa korosho ukifika gari yenyewe iko juu ya mawe nyuma ya gereji, injini imeshushwa, tairi zimeshahamia kwa mwingine. Huku kwetu ndo hali ilivyo, kuanzia Mtwara mjini, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, ukiingia Lindi napo hivohivo, Mtama, Ruangwa, Nachingwea. Alafu lawama zote anabebeshwa Mjapani eti katengeneza gari laini. Anaonewa tu. Gari alitengeneza kwa kazi yake, sisi tumeipa kazi ya Fuso.

Ngoja nianze na mzigo maana hapo ndo kwenye kifo chenyewe, mengine yote yanafuata hapo.

Ninaposema kirikuu nazungumzia zaidi Suzuki Carry kwa sababu ndo zimejaa, ila Daihatsu Hijet, Mitsubishi Minicab, Honda Acty na Subaru Sambar ni ukoo mmoja. Kule Japani ziko kwenye daraja la magari madogo wanaloliita kei, na sheria yao inabana kila kitu: urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini mwisho cc 660, na mzigo kilo 350. Hizo cc 660 zimeanza 1990, kabla ya hapo ilikuwa 550 na zamani zaidi 360. Sasa rudi kwenye kilo 350, hiyo namba iandike kwenye dashibodi kabisa. Gunia la korosho likijaa vizuri linacheza kwenye kilo 80, kwahiyo magunia manne ni kilo 320, hapo umemaliza. Saruji ya mfuko wa kilo 50 ni mifuko 7. Salfa ya mikorosho, ile mifuko ya kilo 25, ni 14. Maji ya kuuza huko juu Newala, dumu za lita 20, ni 17 tu na hapo tingo wako akae mbele na wewe, asirukie nyuma.

Najua hapo umeshacheka. Hakuna mtu anapakia magunia manne, tajiri gani atakubali. Watu wanaweka kumi, yani kilo 800, na kirikuu yenyewe tupu ina kama kilo 700, kwahiyo umeibebesha mzigo unaoizidi uzito wake yenyewe, alafu unaipandisha mlima kwa injini yenye silinda tatu ambayo cc zake 660 hazijai hata chupa ya soda ya lita moja. Na kuna lile tenki la lita 1000 ambalo vijana wanalifunga nyuma wanauza maji mtaani. Lita elfu moja ni tani moja, hata hujahesabu tenki lenyewe. Alafu likiwa nusu ndo baya zaidi, kwenye kona maji yote yanahamia upande mmoja na gari ni nyembamba.

Mimi sikwambii uende na 350 kama uko Japani, utafunga biashara. Nakwambia ujue ukizidisha unalipia nini. Ukicheza kwenye kilo 400 mpaka 500 kwenye lami, barabara imenyooka, mwendo wa kistaarabu, gari itavumilia, breki utazibadilisha mapema na beringi za nyuma pia, basi. Ukifika 800 kila siku unakula vitu ambavyo huvioni, klachi, difu, na kubwa zaidi chesisi. Chesisi ya kirikuu haipasuki siku moja, inaanza na kaufa kadogo nyuma ya kabini pale bodi inapoanzia, kanajaa kutu, kanakuwa kama mstari wa kahawia, dereva anapita nao miezi. Kila ukiosha gari lala chini na tochi uangalie hapo, na pale springi zinaposhikilia. Ukiona mstari wa kutu umenyooka bila sababu ujue ni ufa, peleka kwa mtu wa kuchomelea anayejua kuweka kipande cha kuimarisha, sio anayepitisha weldingi juujuu na kupaka rangi.

Na kuongeza springi nyuma, kitu ambacho kila mtu anafanya siku anayoitoa gari bandarini, nina shida nacho. Springi mbili za ziada zinafanya gari isikae chini ikipakiwa, sawa, inapendeza hata kwa trafiki. Lakini ekseli ni ileile, breki ni zilezile, chesisi ni ileile. Ulichofanya umeficha dalili. Kabla, gari ilikuwa inakwambia "nimezidiwa" kwa kukaa matako chini, sasa hivi imenyamaza na wewe unaongeza gunia. Kama lazima uongeze, ongeza moja, alafu uweke shokapu nzima, maana springi ngumu na shokapu mbovu kwenye barabara ya rasta, ile ya vituta vidogo vidogo, ndo zinapasua kila kitu.

Upakiaji wenyewe: mzigo mzito uanzie mbele karibu na kabini na usambae chini, usilundike nyuma kwenye mlango. Ukilundika nyuma tairi za mbele zinakuwa nyepesi, usukani unaelea, na kwenye mchanga ndo hutoki kabisa. Mabomba na mbao ndefu zinazoning'inia nyuma zina uzito mdogo kwenye mizani lakini zinainua pua ya gari vibaya. Kamba funga mbili, turubai mwaga juu. Basi hapo.

Sasa injini, na hapa sana nitakaa kwenye kuchemsha, kwa sababu mzigo ukishazidi kinachofuata ni joto.

Kwanza jua una injini gani. Carry za miaka ya tisini, zile DC51T na DD51T, zina F6A ambayo inatumia mkanda wa taimingi, mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kama umenunua gari hujui historia yake badilisha tu siku ya kwanza usijiulize. DA63T, ambayo ndo kirikuu wa wengi huku, ilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2013, ina K6A ambayo ni ya cheni, mkanda wa taimingi hauna. Kuanzia 2013 ikaja DA16T yenye R06A, nayo cheni. Namba ya chesisi inaanza na hizo herufi kwahiyo hutakiwi kumuuliza dalali, soma mwenyewe. K6A ni nzuri, nyepesi, ila ni aluminiamu bloku mpaka hedi, na aluminiamu ikipata joto kali mara moja tu inapinda. Ikipinda gasketi inapuliza, maji yanaingia kwenye oili, oili inakuwa kama chai ya maziwa. Hapo ndo unasikia "injini imekufa". Haijafa ghafla bwana, ilianza na maji.

Maji gani unaweka kwenye rejeta? Hapa pwani visima vingi vina chumvi, Mikindani, Msimbati, ukiteremka Lindi mpaka Kilwa, ukionja tu unajua. Dereva anajaza maji ya kisima hichohicho kwenye rejeta kila asubuhi, mwaka mmoja rejeta imeoza ndani, vijia vimeziba na kutu na magamba meupe, pampu ya maji inavuja. Weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta, ukishindwa kabisa maji ya mvua uliyokinga safi ni bora mara kumi kuliko ya kisima cha pwani. Na gari ambayo unaiongezea maji kila siku ina ugonjwa, haifai kuzoea. Maji yanaenda wapi? Angalia mipira, angalia paipu zinazopita chini ya gari kwenda kwenye injini maana injini iko chini ya siti na rejeta iko mbele, njia ni ndefu na inapigwa na mawe. Angalia klipu. Kama nje kukavu basi yanaenda ndani na hapo usisafiri.

Kitu kingine, mafundi wetu wana tabia ya kutoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa, eti huku kuna joto. Ukitoa, maji yanazunguka tu bila mpango, asubuhi injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, ule unusaji wa mafuta ulionunulia gari umeishia hapo. Feni ikigoma watakuunganishia moja kwa moja na swichi ya ufunguo, hiyo kwa dharura sawa ufike nyumbani, ila tafuta sensa ubadilishe. Na ukishajaza maji upya toa upepo: fungua hita mwisho upande wa joto, kifuniko cha rejeta wazi, washa gari ikiwa ya baridi, jaza taratibu mpaka mapovu yaishe. Upepo ukibaki ndani, mshale wa joto unakudanganya, unasoma vizuri huku hedi inaungua.

Tena gari zingine hazina mshale, zina taa tu, ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa, simama hapohapo, usiseme nifike pale kwenye kivuli. Zima kiyoyozi kama unacho, fungua hita iwe motomoto upulizwe wewe, kama maji bado yapo na feni inazunguka iache injini itembee bila mzigo dakika chache ishuke. Kama maji yamemwagika zima. Usifungue kifuniko, yatakuunguza uso, na usimwagie injini maji ya baridi, hiyo inapasua hedi. Subiri. Kunywa madafu, piga simu, subiri.

Simu yenyewe huwa inaenda hivi, kila mwenye gari huku ameshaipokea:

"Shikamoo tajiri. Gari imezima."
"Marahaba. Imezimaje?"
"Imezima tu yenyewe, nilikuwa natembea vizuri."
"Mshale ulikuwa wapi?"
"Tajiri mi sikuangalia mshale, nilikuwa naangalia barabara."

Milima: ukipandisha kutoka Masasi kwenda Newala, au ukiwa na mbao unatoka huko Rondo, kosa la madereva wengi ni kung'ang'ania gia ya tatu injini inalia chini chini inatetemeka, wanadhani wanabana mafuta. Cc 660 haina nguvu chini, nguvu yake iko juu kwenye mizunguko. Weka mbili mapema kabla haijaanza kufa, iache ipige kelele, hiyo kelele ni afya yake. Kushuka, gia uliyopandia ndo ushukie. Breki ya mbele ni diski ndogo na nyuma ngoma, ukishuka Newala na mzigo mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho, katikati ya mteremko utakanyaga na pedali itaenda chini haijashika kitu, na pale chini pana watu.

Oili sasa. Injini nzima inabeba lita tatu hivi. Ikipungua moja tu umebaki na theluthi mbili, kwenye Fuso lita moja hata huijui. Kwahiyo dipstiki kila asubuhi, gari iko sehemu tambarare, haijawashwa. Kumwaga usisubiri kilomita 5,000 kama unatembea vumbi la Nanyamba au Liwale, mwaga 3,000 mpaka 4,000 na filta yake, usibadilishe oili ukaacha filta. Na ile tabia ya kuweka oili nzito namba 40 kwa sababu "injini imechoka" kwenye K6A inaua cheni, oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu. 5W-30 au 10W-30 inatosha, nunua kwenye duka unaloliamini maana oili za kujazwa upya kwenye makopo zipo. Ea kilina itoe kila wiki wakati wa kiangazi, puliza kutoka ndani kwenda nje, wengi wanapuliza kinyume wanasukumia vumbi ndani, alafu wanashangaa pistoni zimelika.

Kutu ni habari nyingine ambayo wenzetu wa Dodoma hawaijui. Hapa hata gari iliyopaki tu Shangani inakula upepo wa chumvi. Ila wanaoua kirikuu kwa kutu ni wa samaki na wa chumvi. Ukitoka Feri na samaki wa barafu, yale maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi yanapita kwenye nyufa za bodi yanaingia kwenye chesisi yanakaa humo. Tandika nailoni nzito, panga samaki kwenye maboksi sio bodi tupu, ukimaliza mwaga maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, na usioshe juu tu, ingiza mpira chini kwenye matundu ya chesisi mpaka maji yatoke masafi. Matundu ya kutolea maji kwenye bodi yazibue na waya. Mashamba ya chumvi ndo usiseme, bora ukodishe gari ya mwingine kwa kazi hiyo, najua ni roho mbaya ila ndo ukweli. Salfa nayo, ule unga ukibaki kwenye bodi alafu ukapata unyevu unakula chuma, fagia jioni ileile. Kila mwaka kabla ya masika ipigie andasili chini, ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu, usipitishe juu ya kutu, kwangua kwanza.

Mchanga wa Msimbati au njia za ndani za mashambani: punguza upepo kwenye tairi, pita taratibu bila kusimama, ukitoka jaza tena, wengi wanasahau kujaza na tairi ndogo za inchi 12 zikitembea na mzigo zimelegea zinapasuka pembeni. Kama yako ni ya fowili, yani inavuta tairi zote nne, hiyo fowili itumie kwenye mchanga na tope tu. Ukiisahau ukaingia nayo lami inakaza, kona inakuwa ngumu, mwisho inakata kitu huko chini ambacho spea yake utaisubiri kutoka Dar.

Ukinunua. Ya kutoka Japani moja kwa moja mara nyingi ilikuwa ya mkulima, kilomita chache lakini miaka mingi, maana yake injini nzima ila mipira yote imezeeka, mikanda, mipira ya maji, bushi, tairi zina nyufa. Zinazotoka kaskazini mwa Japani zilitembea kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, angalia chini kabla hujaangalia redio. Na usikurupuke kuitoa bandarini Dar jioni ukaileta Mtwara usiku kucha, ni zaidi ya kilomita 500 na joto la huku haijawahi kulionja. Lala Dar siku moja, badilisha oili, kulanti, mkanda wa feni, ndo uvuke Rufiji. Kuhusu aina, chukua Carry au Hijet. Sambar zile za Subaru wenyewe injini iko nyuma, tamu kuendesha, ila walisimamisha kuzitengeneza 2012, na Honda akaacha Acty 2021, sasa spea huku Masasi utaipata kwa nani. Ushuru hesabu mapema kwenye kikokotoo cha TRA, gari likiwa la zamani sana linaongezewa kodi, wengi wanaona bei ya mnadani wanadhani ndo bei.

La mwisho ni hesabu, ile pesa dereva anayokuletea kila siku, maana ndo linaloharibu yote niliyosema. Ukimpa dereva hesabu kubwa ya siku na kinachobaki ndo chake, umemwambia apakie kumi. Asilaumiwe. Wakati wa korosho watu wanalipa kwa gunia, kuanzia shambani mpaka ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwahiyo kila gunia juu ya bodi ni hela yake. Ninachokiona kinafanya kazi ni kupunguza hesabu miezi ambayo mzigo hakuna, Februari mpaka Aprili hivi barabara zikiwa tope, badala ya kumkaba akafidia Novemba. Alafu pesa ya oili isitoke kwake, toka wewe mwenye gari, uende mwenyewe dukani. Daftari liwe kwenye gari, tarehe, kilomita, oili, maji yaliyoongezwa kiasi gani. Hiyo safu ya maji ndo muhimu kuliko zote, ikianza kuandikwa kila siku gari ipeleke gereji wiki hiyohiyo.

Ikishachoka, amua kwa chesisi. Injini ikifa na chesisi ni nzima, nunua injini ya mtumba ifungwe, cheki kompresheni kabla hujalipa, na ilingane na ile ya kwenye kadi au ukabadilishe kadi. Chesisi ikishachomelewa sehemu tatu usiweke injini nyingine humo. Iuze kipande kipande, gia boksi, difu, milango, vioo, siti, huku kusini kuna watu wanavitafuta kila siku, na bodi mpe mwenye guta atajua la kufanya nayo.